Je, Uvamizi wa Kijeshi Unaweza Kuhalalishwa Kisheria? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila vifaru vya nchi moja vinapovuka mpaka wa nchi nyingine, maswali yaleyale huibuka upya. Tumeyakusanya hapa, tukianza na ya msingi na kuishia na yale ambayo hata wanasheria wa kimataifa hawaelewani juu yake. Unaweza kuruka moja kwa moja hadi swali linalokuhusu. Jibu linapotegemea jingine, tumekuelekeza pa kwenda.

## Misingi

Kwa kifupi, nchi inaruhusiwa kuivamia nchi nyingine?

Hapana. Ibara ya 2(4) ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa, uliotiwa saini San Francisco tarehe 26 Juni 1945, inakataza nchi wanachama kutumia nguvu, au hata kutishia kuzitumia, dhidi ya ardhi au uhuru wa kisiasa wa nchi yoyote. Mkataba umeacha milango miwili tu: kujilinda unaposhambuliwa (Ibara ya 51), na kibali cha Baraza la Usalama (Sura ya VII). Wengine huhesabu mlango wa tatu, yaani mwaliko wa serikali ya nchi husika. Lakini aliyekaribishwa si mvamizi, kwa hiyo mwaliko tumeutengea sehemu yake hapo chini.

Jambo moja litakusaidia kuyafuata majibu yote yanayokuja. Ni nadra mno kusikia serikali ikivamia na kusema, "Ndiyo, tumevunja sheria." Karibu zote hudai zilikuwa zinajilinda, zimealikwa, au zimeruhusiwa na Baraza. Kwa hiyo ugomvi kwa kawaida hauhusu sheria inasema nini. Unahusu kilichotokea: nani alianza, nani alimwalika nani, na tishio lilikuwepo kweli au lilipikwa ofisini. Hotuba ya kiongozi usiku wa uvamizi ni ushahidi dhaifu kuliko wote.

Kabla ya 1945 hali ilikuwaje?

Kwa karne nyingi vita vilihesabiwa kuwa haki ya kila dola, chombo cha kudai deni, kulipiza kisasi au kupanua himaya. Mwaka 1928 mataifa yalikutana Paris na kusaini mkataba wa kuachana na vita kama njia ya kuendesha siasa zao. Ujerumani, Italia na Japani zilikuwa miongoni mwa waliotia saini, na yaliyofuata tunayajua. Hata hivyo mkataba ule haukupotea bure. Ndio uliosaidia mahakama ya Nuremberg, mwaka 1946, kuwatia hatiani viongozi wa Kinazi kwa kuanzisha vita vya uchokozi. Mahakama hiyo iliutaja uchokozi kuwa jinai kubwa kupita zote, kwa sababu ndani yake zimo jinai nyingine zote za vita.

Uvamizi, uchokozi na shambulio la silaha: si ni kitu kimoja?

Kwenye mazungumzo ya kawaida, ndiyo. Kwenye sheria, kila kimoja kina mipaka yake, na tofauti hizo zinaamua nani ana haki ya kujibu.

Uchokozi ndio mpana zaidi. Azimio namba 3314 la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, ambako kila nchi mwanachama ina kura, la tarehe 14 Desemba 1974, linataja mifano: kuivamia nchi, kuipiga mabomu, kuzingira bandari zake, kuruhusu ardhi yako itumike kuishambulia nchi ya tatu, na kutuma makundi ya watu wenye silaha au mamluki. Uvamizi, basi, ni aina mojawapo ya uchokozi. Azimio hilohilo linasema hakuna sababu yoyote, iwe ya kisiasa, kiuchumi au kijeshi, inayoweza kuhalalisha uchokozi.

Shambulio la silaha ni finyu zaidi, na ndilo pekee linalofungua mlango wa kujilinda. Katika kesi ya Nicaragua dhidi ya Marekani, iliyoamuliwa mwaka 1986, Mahakama ya Kimataifa ya Haki (ICJ) ilisema shambulio la silaha ni matumizi ya nguvu yaliyo mazito kabisa. Kuwapa waasi silaha na vifaa ni kosa, lakini peke yake si shambulio la silaha. Maana yake nini? Nchi inaweza kuonewa kweli, ikawa na haki ya kulalamika na kudai fidia, na bado isiwe na haki ya kuvuka mpaka kwa bunduki. Wengi hawaipendi hukumu hiyo. Mimi naona ina busara yake: jirani wanaotupiana lawama za kufadhili waasi ni wengi mno duniani, na kila lawama ikigeuka kibali cha vita hatutapumua.

## Kujilinda

Ni masharti gani yanayofanya kujilinda kuwe halali?

Kwanza, shambulio la silaha liwe limetokea. Pili, pasiwe na njia nyingine ya kulizima. Huu ndio ulazima. Tatu, nguvu zinazotumika ziendane na lengo la kulizima, zisizidi. Huu ndio uwiano. Nne, Baraza la Usalama liarifiwe mara moja. Haki yenyewe hudumu mpaka Baraza lichukue hatua za kurejesha amani.

Sharti la barua kwa Baraza linaonekana dogo, ila lina uzito wa ushahidi. Uganda ilipodai mbele ya ICJ kwamba iliingia Kongo mwaka 1998 kujilinda, mahakama ilibaini kuwa haikuwahi kuliarifu Baraza juu ya shambulio lolote ililokuwa inalijibu. Mtu aliyevamiwa kweli hupiga kelele.

Lazima nisubiri nipigwe kwanza?

Ibara ya 51 inasema haki ya kujilinda ipo iwapo shambulio limetokea. Ukiisoma neno kwa neno, jibu ni ndiyo. Lakini upo utamaduni wa zamani zaidi unaoruhusu kumwahi adui ambaye kidole chake tayari kiko kwenye kifyatulio, na chimbuko lake ni tukio moja la usiku.

Desemba 1837 kulikuwa na uasi huko Kanada, koloni la Uingereza, na meli iitwayo Caroline ilikuwa ikiwapelekea waasi watu na vifaa kutoka upande wa Marekani. Wanajeshi wa upande wa Uingereza walivuka mto Niagara usiku, wakaiteka meli hiyo ikiwa imefungwa kwenye ufuko wa Marekani, wakaitia moto na kuiachia mkondo uipeleke kwenye maporomoko. Mmarekani mmoja aliuawa. Katika barua zilizofuata, Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, Daniel Webster, aliweka kipimo ambacho bado kinatajwa hadi leo: anayedai kujilinda aoneshe kuwa haja ilikuwa ya papo hapo, nzito, isiyoacha njia nyingine wala muda wa kutafakari.

Sasa kipime kipimo hicho kwa matukio ya karibu. Israeli ilipokipiga mabomu kinu cha nyuklia cha Osirak nchini Iraki, Juni 1981, kwa hoja kwamba siku moja kingetengeneza bomu, Baraza la Usalama lililaani kwa kauli moja kupitia azimio namba 487, na Marekani nayo ikaunga mkono. "Siku moja" haijatosha. Kumwahi adui anayekuja kuna watetezi wengi. Kumpiga adui ambaye huenda miaka ijayo akawa hatari hakuna msingi katika Mkataba.

Nikishambuliwa, naruhusiwa kumfukuza adui mpaka ndani ya mji mkuu wake?

Hapa ndipo swali la uwiano linapouma, na hakuna mfano mzuri kuliko vita vya Kagera.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia kaskazini magharibi mwa Tanzania, yakalikalia eneo lote hadi mto Kagera, na Amin akatangaza kuwa ni sehemu ya Uganda. Daraja la Kyaka likalipuliwa. Mwanzo huo hauna utata: ulikuwa uvamizi wa wazi, na Tanzania ilikuwa na kila haki ya kuwaondoa wavamizi. Wengi wetu tunayakumbuka maneno ya Mwalimu Nyerere kuwa uwezo tunao, sababu tunayo na nia tunayo. Sheria ya kimataifa haijali uwezo wala nia. Inauliza sababu, kisha inauliza swali ambalo halimo kwenye hotuba ile: mpaka wapi?

Jeshi la Tanzania liliukomboa mkoa, kisha mwaka 1979 likavuka mpaka, na tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Tanzania ilieleza kuwa kulikuwa na vita viwili: vyake vya kujilinda dhidi ya Amin, na vya Waganda wenyewe vya kujikomboa. Ilisisitiza pia kwamba Amin alikuwa amekataa kuiachia ardhi ya Tanzania kwa dhati, na angerudi. Dunia, kwa sehemu kubwa, ilinyamaza. Lakini si wote: kwenye mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) uliofanyika Monrovia, Julai 1979, Sudan na Nigeria ziliilaumu Tanzania waziwazi.

Ukinitaka msimamo, nitasema hivi: kuvuka mpaka ili kumwondolea adui uwezo wa kurudi kunaweza kutetewa kwa hoja ya kujilinda. Kumwondoa rais madarakani ni hoja ngumu zaidi, na iliyoiokoa Tanzania machoni pa wengi ilikuwa sifa mbaya ya Amin kuliko kifungu chochote cha sheria. Hilo si jambo la kulionea aibu, ila si la kulifanya kanuni pia.

Nchi rafiki inaweza kuja kupigana upande wangu?

Ndiyo. Ibara ya 51 inataja kujilinda kwa pamoja. ICJ iliweka masharti katika kesi ya Nicaragua: aliyeshambuliwa aseme mwenyewe kuwa ameshambuliwa, na aombe msaada. Rafiki hawezi kujiamulia kwa niaba yako.

Kundi la waasi au magaidi likinishambulia kutoka nchi jirani, naweza kuingia huko?

Hapa pana ubishi wa kweli, na jibu limesogea tangu mwaka 2001. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Baraza la Usalama lilitambua haki ya kujilinda katika maazimio namba 1368 na 1373, na Marekani ikaingia Afghanistan mwezi uliofuata bila kupingwa na wengi. Tangu hapo, Marekani na washirika wake kadhaa hushikilia kwamba ukishambuliwa na kundi ambalo nchi mwenyeji haitaki au haiwezi kulizuia, unaweza kulifuata ulipo mzizi wake. Hoja hiyo ilitumika Syria kuanzia 2014 dhidi ya kundi la Dola la Kiislamu. Nchi nyingi nyingine, hasa za Amerika Kusini, haziikubali. Zinaona ni njia ya wenye ndege za kivita kuchagua ni mipaka ipi ya kuiheshimu.

ICJ yenyewe imekuwa na tahadhari. Katika kesi ya Kongo dhidi ya Uganda, hukumu ya tarehe 19 Desemba 2005, ilisema mashambulizi ya ADF, waasi wa Uganda waliokuwa Kongo, hayakuweza kuhesabiwa kuwa ya serikali ya Kongo, kwa hiyo Uganda haikuwa na haki ya kujilinda dhidi ya Kongo. Ikaongeza kwamba kuteka viwanja vya ndege na miji iliyo mamia ya kilomita kutoka mpakani hakuonekani kulingana na mashambulizi ya mpakani.

Kenya ilipoingia Somalia Oktoba 2011 kuwafuata al-Shabaab, ilishika kamba mbili kwa pamoja: ilitaja Ibara ya 51, na pia ilitaja ridhaa ya serikali ya mpito ya Somalia. Kamba ya pili ndiyo imara zaidi (tazama sehemu ya mwaliko).

Je, kumtumia mwasi badala ya askari wako kunakuepusha na sheria?

Hapana. Azimio 3314 linataja kutuma makundi yenye silaha kuwa uchokozi, na kuwaunga mkono waasi peke yake ni uvunjaji wa sheria hata pale kusipofikia shambulio la silaha. Tarehe 21 Februari 2025, Baraza la Usalama kwa kauli moja, kupitia azimio namba 2773, liliitaka Rwanda iache kuwaunga mkono M23 na iondoe majeshi yake katika ardhi ya Kongo mara moja.

Kuingia kuwaokoa raia wangu waliotekwa?

Makomando wa Israeli walitua Entebbe usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1976, wakawaokoa mateka wa ndege iliyotekwa na kuondoka. Kwenye Baraza la Usalama nchi za Afrika ziliuita uchokozi, wengine wakautetea, na hakuna azimio lililopita upande wowote. Wanaoukubali uokoaji wa aina hiyo huuwekea mipaka: hatari iwe ya kweli, mwenyeji awe ameshindwa au amekataa kusaidia, na ukishawapata watu wako uondoke siku hiyohiyo. Marekani ilitumia hoja ya raia wake kuingia Grenada mwaka 1983 na Panama mwaka 1989. Kote kuwili iliondoa serikali iliyokuwepo, na kote kuwili Baraza Kuu liliulaumu uvamizi kwa kura.

## Kibali cha Baraza la Usalama

Kibali kinapatikanaje?

Baraza lina wanachama 15. Azimio linahitaji kura 9 za ndiyo, na pasiwe na kura ya turufu, yaani "hapana" moja inayotosha kuliua, kutoka kwa yeyote kati ya watano wa kudumu: China, Marekani, Ufaransa, Uingereza na Urusi. Mwanachama wa kudumu akijizuia kupiga kura, azimio halifi. Mwaka 1950 Umoja wa Kisovieti ulikuwa umesusia vikao, na kiti chake kikiwa kitupu, Baraza likapitisha maazimio ya kuisaidia Korea Kusini. Moscow haikurudia kosa hilo la kususia.

Azimio lazima liseme nini ili liruhusu vita?

Kwa desturi, maneno ni "njia zote zinazohitajika". Iraki ilipoivamia Kuwait tarehe 2 Agosti 1990, Baraza liliitaka iondoke siku hiyohiyo. Haikuondoka. Novemba 29 azimio namba 678 likaipa hadi tarehe 15 Januari 1991, na likawaruhusu washirika wa Kuwait kutumia njia zote zinazohitajika baada ya hapo. Hicho ndicho kibali kilichokamilika: kina lengo, kina tarehe, na kila aliyekipigia kura alijua anaruhusu nini.

Linganisha na azimio namba 1441 la Novemba 2002, lililoionya Iraki kuwa itakabiliwa na "matokeo mazito" isiposhirikiana na wakaguzi wa silaha. Marekani na Uingereza zilipovamia Machi 2003, zilidai kwamba onyo hilo lilifufua kibali cha 1990. Yaani ruhusa ya kuikomboa Kuwait ilale miaka 12, kisha iamke kuiangusha Baghdad. Wanasheria wengi wa kimataifa hawakushawishika, na Septemba 2004 Katibu Mkuu Kofi Annan alisema hadharani kuwa vita vile havikuwa halali. Silaha za maangamizi zilizotajwa kama sababu hazikupatikana.

Kibali kikishatolewa, mnaweza kufanya mtakalo?

Hapana, ingawa Libya inaonesha jinsi kibali kinavyonyooshwa. Azimio namba 1973 la tarehe 17 Machi 2011 liliruhusu kuwalinda raia na kuweka marufuku ya ndege kuruka, na likakataza jeshi la kigeni kuikalia nchi. Lilipata kura 10. Brazil, China, India, Ujerumani na Urusi zilijizuia. Kampeni ya NATO iliishia na kuanguka kwa Gaddafi. Urusi na China zililalamika kwamba zilidanganywa, na lalamiko hilo limekuwa likitajwa kila pendekezo la kuchukua hatua Syria lilipofika mezani.

Mwenye kura ya turufu ndiye akiwa mvamizi, itakuwaje?

Baraza linakwama. Siku moja baada ya kuivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, Urusi ilipiga kura ya turufu dhidi ya azimio la kuilaani. Suala likahamishiwa Baraza Kuu kwa utaratibu uliowekwa mwaka 1950, na tarehe 2 Machi nchi 141 ziliitaka Urusi iondoke. 5 zilipinga, 35 zilijizuia. Azimio la namna hiyo halina nguvu ya kulazimisha. Lina kazi nyingine: linazuia mvamizi asiseme dunia imekubali.

Urusi nayo, siku ile ya uvamizi, iliandika barua kwa Umoja wa Mataifa ikitaja Ibara ya 51. Rudi kwenye swali la kwanza kabisa.

Umoja wa Afrika au jumuiya ya kikanda inaweza kutoa kibali badala ya Baraza?

Ibara ya 53 ya Mkataba inasema jumuiya za kikanda zisitumie nguvu bila idhini ya Baraza. Sheria ya kuanzisha Umoja wa Afrika, ya mwaka 2000, inasema kwenye kifungu cha 4(h) kwamba Umoja una haki ya kuingilia kati panapotokea uhalifu wa kivita, mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kwa kuwa nchi wanachama zenyewe ziliridhia kifungu hicho, wapo wanaosema ridhaa imeshatolewa mapema na hakuna mgongano.

Ubishi huo haujapimwa, maana kifungu hakijawahi kutumika. Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja wa Afrika lilipendekeza kupeleka askari 5,000 Burundi hata kama serikali haitaki. Burundi ikakataa, na mwezi uliofuata wakuu wa nchi wakarudi nyuma. Marais huwa hawana haraka ya kuweka mfano unaoweza kuwageukia.

## Mwaliko

Serikali ikialika jeshi la kigeni, huo ni uvamizi?

Si uvamizi, mradi mwaliko utoke kwa mwenye mamlaka, utolewe kwa hiari, na jeshi lifuate masharti yake. Machi 2008 majeshi ya Umoja wa Afrika, wakiwemo Watanzania, yalitua kisiwa cha Anjouan kumwondoa Mohamed Bacar, aliyekuwa amekataa kuachia madaraka. Serikali ya Muungano wa Komoro ndiyo iliyoomba. 

Kukiwa na marais wawili, mwaliko wa nani unahesabika?

Kwa kawaida ni wa yule mwenye kuidhibiti nchi, lakini Gambia iliionesha dunia njia nyingine. Adama Barrow alimshinda Rais Yahya Jammeh kwenye uchaguzi wa Desemba 2016, Jammeh akagoma kuondoka. Barrow aliapishwa tarehe 19 Januari 2017 katika ubalozi wa Gambia mjini Dakar, akaomba msaada, na majeshi ya ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, yakavuka mpaka. Baraza la Usalama lilimtambua siku hiyohiyo bila kutaja matumizi ya nguvu. Barrow hakuwa na udhibiti hata wa mtaa mmoja wa Banjul, lakini alikuwa na kura na alikuwa na dunia nyuma yake. Aliyeshindwa uchaguzi, au aliyewekwa madarakani na haohao anaowaalika, hawezi kujifananisha naye.

Mwenyeji akibadili nia?

Jeshi linaondoka. Mwaka 1998 Kongo iliyaruhusu majeshi ya Uganda kuwepo mashariki mwa nchi, kisha ikaiondoa ridhaa yake. ICJ iliamua kuwa ridhaa ilikuwa imekwisha si zaidi ya tarehe 8 Agosti 1998. Kila siku baada ya hapo ilikuwa ya uvunjaji wa sheria.

## Hoja zinazorudiwa kila mara

Kuzuia mauaji ya halaiki hakutoshi kuwa sababu?

Kimaadili kunatosha. Kisheria, bila kibali, wengi watasema bado hakutoshi, na hili ndilo pengo chungu kuliko yote.

Mwaka 1999 NATO iliipiga Yugoslavia mabomu kwa siku 78 kuwatetea Waalbania wa Kosovo, bila idhini ya Baraza. Tume huru iliyochunguza ilihitimisha kuwa operesheni ile haikuwa halali lakini ilikuwa na uhalali wa kimaadili. Kabla ya hapo, India iliingia Pakistan Mashariki (Bangladesh ya leo) mwaka 1971 na Vietnam ikamng'oa Pol Pot, kiongozi wa Khmer Rouge waliotawala Kambodia, Januari 1979. Zote mbili zilikomesha mauaji makubwa, na zote zilitegemea hoja ya kujilinda zaidi ya ile ya kuokoa watu. Vietnam iliambulia lawama: Khmer Rouge waliendelea kushika kiti cha Kambodia kwenye Umoja wa Mataifa kwa miaka kadhaa.

Baada ya Rwanda 1994, viongozi wa dunia walikubaliana mwaka 2005 juu ya wajibu wa kuwalinda raia dhidi ya mauaji ya kimbari. Soma vizuri walichosaini: hatua ya pamoja hupitia Baraza la Usalama. Kibali cha nchi moja kujitwalia jukumu hilo hakimo. Tusisahau pia kwamba Rwanda haikukosa msaada kwa sababu sheria ilizuia. Majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa tayari Kigali, na Baraza likayapunguza.

Lakini ardhi ile ni yetu kihistoria. Hiyo nayo haihesabiki?

Haihesabiki, hata ukiwa na haki. Mei 1998 Eritrea iliingiza majeshi Badme, mji mdogo uliokuwa chini ya utawala wa Ethiopia, na vita vilivyofuata viliua makumi ya maelfu. Mwaka 2002 tume ya mipaka iliamua kwamba Badme iko Eritrea. Ungedhani hapo Eritrea imeshinda kila kitu. Lakini tarehe 19 Desemba 2005, siku ileile ICJ ilipotoa hukumu ya Kongo na Uganda, tume ya madai iliyoundwa na nchi hizo mbili iliamua kwamba Eritrea ilivunja sheria kwa kushambulia. Ardhi ilikuwa yake. Njia ya kuichukua haikuwa halali. Tume ilieleza sababu bila kuzunguka: migogoro ya mipaka ni mingi mno, na ukiifanya udhuru, katazo la vita litatoboka lisizibike.

Afrika ililijua hilo mapema. Cairo, Julai 1964, wakuu wa OAU waliahidi kuheshimu mipaka waliyorithi siku ya uhuru, pamoja na upumbavu wake wote.

Na kama wananchi wa eneo lililovamiwa wamepiga kura kujiunga nasi?

Kura iliyopigwa chini ya bunduki ya mvamizi haihamishi mpaka. Oktoba 2022 nchi 143 zilikataa kuitambua hatua ya Urusi kuyachukua majimbo manne ya Ukraine.

Serikali ile ni ya kidikteta, au imeingia kwa mapinduzi.

Si sababu. Ibara ya 2(4) hailindi wema wa serikali, inailinda nchi.

## Baada ya uvamizi

Anayepigana vita vya haki anaruhusiwa mambo ambayo mvamizi haruhusiwi?

La. Mikataba ya Geneva ya 1949 inawabana wote sawasawa. Aliyevamiwa akiwatesa mateka ametenda uhalifu wa kivita. Askari wa mvamizi aliyepigana kwa kufuata kanuni hashtakiwi kwa sababu tu nchi yake ilianza.

Nani basi hushtakiwa kwa uvamizi wenyewe?

Viongozi, wale wanaoweza kuliongoza au kulidhibiti jeshi la nchi. Nchi wanachama wa Mahakama ya Kimataifa ya Uhalifu (ICC) zilikubaliana juu ya jinai ya uchokozi mjini Kampala mwaka 2010, na mamlaka hayo yakaanza Julai 2018. Ila yamejaa matundu: raia wa nchi isiyo mwanachama hawaguswi kwa jinai hii, isipokuwa Baraza la Usalama lenyewe lilipeleke suala mahakamani. Wanachama watatu wa kudumu, China, Marekani na Urusi, hawamo kwenye ICC.

Fidia hulipwa kweli, au ni hukumu za makaratasi?

Wakati mwingine hulipwa. Iraki ilikatwa sehemu ya mapato yake ya mafuta kwa miaka mingi kuwalipa waathirika wa uvamizi wa Kuwait, jumla dola bilioni 52.4, malipo ya mwisho yalifanyika Januari 2022. Mwezi uliofuata ICJ iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara kwa watu, 40 kwa mali, na 60 kwa maliasili, zikiwemo dhahabu, almasi na mbao. Kongo ilikuwa imedai zaidi ya dola bilioni 11. Mahakama ilipanga awamu tano za milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022.